Silvio Piola: Straika wa mji wa mpunga aliyefunga 274 bila kubeba ubingwa wa Serie A

UBISHI wa vijiweni ukifika kwa wafungaji wakali wa Ligi Kuu ya Italia, majina hayakosi. Mmoja atamtaja Francesco Totti. Mwingine atamleta Gabriel Batistuta, mwingine Roberto Baggio, na mzee aliyekaa pembeni na gazeti lake atakumbusha habari za Giuseppe Meazza. Wote hao walikuwa moto wa kuotea mbali. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeshika namba moja.

Namba moja ni Silvio Piola. Alitupia mabao 274 katika mechi 537 za Serie A. Totti anamfuata akiwa na 250, na ilimchukua misimu 25 kufika hapo. Piola alitundika daluga mwaka 1954, kabla televisheni haijaingia majumbani mwa Waitaliano wengi, na mpaka leo hakuna aliyemfikia.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: mfungaji bora wa muda wote wa Serie A hakuwahi kubeba ubingwa wa Serie A hata mara moja. Kombe la Dunia alilibeba. Ubingwa wa nchi yake, hapana. Ili kuelewa ilikuwaje, lazima kwanza uijue timu iliyomlea. Ilikuwa timu ya mkoani, na ilimuuza akiwa na miaka 20.

MJI WA MPUNGA

Vercelli ni mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, katika mkoa wa Piemonte. Upande mmoja una jiji la Torino, upande mwingine Milano, na yenyewe ipo katikati, imezungukwa na mashamba ya mpunga. Masika yakifika, mashamba yanajazwa maji na mji unaonekana kama umejengwa ziwani. Ni mji wa wakulima na wafanyabiashara wa mchele.

Katika mji huo kulikuwa na chama cha mazoezi ya viungo kilichoanzishwa mwaka 1892, Pro Vercelli. Mwaka 1903 kikaanzisha timu ya soka. Miaka mitano baadaye, 1908, timu hiyo ikawa bingwa wa Italia. Ikarudia 1909, kisha 1911, 1912 na 1913. Hesabu yake ni mataji matano ndani ya miaka sita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaongeza mawili, 1921 na 1922, ikafikisha saba.

Vijana wale walikuwa wa nyumbani, waliokua mtaa mmoja na kusoma shule moja, wakicheza kwa jezi nyeupe na pumzi zisizokwisha. Mei 1, 1913, Italia ilipocheza na Ubelgiji mjini Torino, wachezaji tisa kati ya 11 wa timu ya taifa walitoka Pro Vercelli. Italia ilishinda 1-0 na mfungaji alikuwa Guido Ara, kiungo wa Pro Vercelli.

Ubabe wao haukuwa wa miguuni tu. Mwaka 1910 walimaliza ligi wakiwa sawa kwa pointi na Inter, ikabidi ichezwe mechi ya kuamua bingwa. Pro Vercelli wakaomba tarehe isogezwe kwa sababu baadhi ya wachezaji wao walikuwa na mashindano mengine. Chama cha soka kikagoma. Basi Vercelli nao wakasema haya, tutakuja. Aprili 24 wakawapeleka uwanjani watoto, wengine hawajafikisha hata miaka 13. Inter ikashinda 10-3 na kuchukua ubingwa wake wa kwanza. Pro Vercelli ikafungiwa, na ndiyo maana Italia ilipocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa, Mei 15 mwaka huohuo, na kuifunga Ufaransa 6-2, hakuwepo mchezaji hata mmoja wa Vercelli.

Hiyo ndiyo timu ambayo kila mtoto wa mji ule aliota kuichezea.

PESA ZAINGIA

Silvio Piola alizaliwa Septemba 29, 1913 huko Robbio, mji mdogo jirani, miezi michache baada ya ubingwa wa tano. Familia ilihamia Vercelli akiwa bado mchanga, na hapo ndipo akakulia. Soka ilikuwa ndani ya damu. Mjomba wake, Giuseppe Cavanna, alikuwa kipa, na mwaka 1934 angekuwa katika kikosi cha Italia kilichotwaa Kombe la Dunia.

Lakini wakati Silvio anakua, mambo yalikuwa yanabadilika. Mwaka 1923 beki wa Pro Vercelli, Virginio Rosetta, mzaliwa wa mji na mmoja wa waliobeba ubingwa wa 1922, aliondoka kwenda Juventus. Zikazuka kelele nchi nzima. Chama cha soka kikasema uhamisho haukuwa halali na Juventus ikapokwa pointi za mechi alizocheza. Haikusaidia. Mwishowe Rosetta alibaki Juventus na kushinda nayo mataji, na kila mtu akaelewa kilichokuwa kinakuja: mwenye pesa atachukua anayemtaka.

Mwaka 1926 kanuni zikabadilishwa, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa. Mwaka 1929 ikaanzishwa Serie A ya kundi moja, nyumbani na ugenini, safari ndefu na gharama kubwa. Juventus ilikuwa na familia ya Agnelli, wenye kiwanda cha magari cha Fiat. Klabu za Milano zilikuwa na matajiri wa jiji. Vercelli ilikuwa na mpunga.

Pro Vercelli ilibaki na silaha moja tu, kuibua vijana. Na kati ya vijana wote iliowahi kuwaibua, hakutokea mwingine kama Piola.

MIAKA 16 NA MGUU MZITO

Februari 16, 1930, Pro Vercelli ilitoka sare ya 2-2 na Bologna. Katika kikosi alikuwemo kijana wa miaka 16, mrefu, mabega mapana, mguu mzito. Ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya Piola Serie A.

Msimu uliofuata, 1930/31, akawa straika wa kuanza na akafunga mabao 13. Alikuwa na miaka 17. Msimu wa 1931/32 akafunga 12, uliofuata 11. Mabeki watu wazima walimgonga, walimvuta jezi, walimkanyaga. Yeye hakuwa mtu wa kelele wala wa kulalamika kwa mwamuzi. Alinyanyuka, akajifuta vumbi, akarudi ndani ya boksi.

Piola alikuwa straika wa kila kitu. Alifunga kwa kulia na kwa kushoto. Alipiga vichwa kwa nguvu ambayo wengine walipigia kwa mguu. Alikuwa na mbio ndefu, akishika kasi humzuii kwa kumsukuma, na alikuwa fundi wa kupiga tik-taka, tena zama zile za mpira wa ngozi wenye kamba, uliokuwa ukilowa mvua unakuwa mzito kama jiwe.

Oktoba 29, 1933 ndiyo siku ambayo Italia nzima ilimjua. Fiorentina walikuja Vercelli. Mechi iliisha 7-2 na Piola peke yake alifunga mabao sita. Mpaka leo hakuna aliyefunga zaidi ya hayo katika mechi moja ya Serie A. Aliyemfikia ni mmoja tu, Omar Sívori wa Juventus, Juni 10, 1961, siku Juventus ilipoichapa Inter 9-1. Lakini siku hiyo Inter walikuwa wamesusa na kupeleka timu ya vijana, yaani walifanya walichofanya Vercelli mwaka 1910. Sívori alifunga sita mbele ya watoto. Piola alifunga sita mbele ya Fiorentina yenyewe.

Msimu ule alimaliza na mabao 15. Jumla akiwa Pro Vercelli alifunga 51 katika mechi 127 za ligi, na hata miaka 21 alikuwa hajafikisha.

SIKU YA KUUZWA

Kijana wa namna hiyo hawezi kujificha kwenye mashamba ya mpunga. Klabu kubwa zilianza kumwinda. Kwa Vercelli hesabu ilikuwa chungu lakini nyepesi: wakimbakiza, watapata mabao yake lakini madeni yatabaki palepale. Wakimuuza, watapata pesa lakini hakuna atakayefunga.

Mwaka 1934 wakamuuza. Hakwenda Juventus wala Milano, alikwenda Lazio.

Roma ndiyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Mussolini, na wakubwa walitaka timu za jiji hilo ziwe na nguvu. Rais wa Shirikisho la Soka la Italia, Jenerali Giorgio Vaccaro, alikuwa Mlazio wa damu. Mwaka 1927, timu kadhaa za jiji zilipounganishwa ili kuunda AS Roma, yeye ndiye aliyesimama kidete Lazio isimezwe. Klabu yenye mtu kama huyo haikuwa ya kushindana nayo mezani, na klabu ya mji mdogo ndiyo kabisa.

Piola akapanda treni kwenda kusini. Msimu uliofuata tu, 1934/35, Pro Vercelli ikashika mkia na kushuka daraja. Mabingwa mara saba wa Italia wakaenda Serie B, na Serie A hawajarudi mpaka leo hii.

Wapo wanaosema timu ingeshuka tu hata angebaki, kwa sababu pesa zilikuwa zimeshaharibu mizani. Huenda. Lakini mashabiki wa Vercelli waliokuwa uwanjani hawakuhitaji hesabu ndefu. Msimu mmoja walikuwa na Piola na walikuwa Serie A. Msimu uliofuata hawakuwa na Piola, na wakashuka.

MFALME WA ROMA

Huko Roma kijana wa mpunga hakuchukua muda kuzoea. Katika misimu tisa alifunga mabao 143 katika mechi 227 za ligi. Alikuwa mfungaji bora wa Serie A msimu wa 1936/37 na tena 1942/43, mara zote mbili akiwa na mabao 21. Mwaka 1937 Lazio ilimaliza nafasi ya pili nyuma ya Bologna, na huko ndiko karibu zaidi alikowahi kufika na ubingwa akiwa na jezi hiyo. Rekodi yake ya mabao katika klabu ya Lazio ilidumu miaka mingi, mpaka Ciro Immobile alipokuja kuipita mwaka 2021.

Timu ya taifa nayo ilimwita. Machi 24, 1935, Italia ilisafiri kwenda Vienna kucheza na Austria, moja ya timu kali za Ulaya wakati ule. Meazza hakuwepo, na kocha Vittorio Pozzo akampa Piola namba tisa kwa mara ya kwanza. Italia ilishinda 2-0, na mabao yote mawili alifunga yeye.

Tangu siku hiyo Pozzo hakuwa na shida ya kutafuta straika. Meazza aliporudi, alisogezwa nyuma kidogo awe anachonga pasi, na mbele akabaki Piola.

UFARANSA 1938

Kombe la Dunia la 1938 lilichezwa Ufaransa, na Italia ilikwenda kutetea ubingwa wake. Haikupokewa kwa maua. Ufaransa ilikuwa imejaa Waitaliano waliokimbia utawala wa Mussolini, na timu iliyopiga saluti ya kifashisti kabla ya mechi ilizomewa vilivyo.

Mechi ya kwanza ilichezwa Marseille, Juni 5, dhidi ya Norway. Italia ilipata bao dakika za mwanzo kupitia winga Pietro Ferraris. Norway wakasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache. Ikaenda muda wa nyongeza, na hapo Piola akafunga la pili. Huko Vercelli watu walielewa maana ya matokeo yale kuliko mahali pengine popote. Ferraris naye alikuwa mzaliwa wa Vercelli, naye alianzia Pro Vercelli na kuondoka. Watoto wawili wa mji uliokuwa Serie B ndio walioibakiza Italia kwenye Kombe la Dunia.

Robo fainali Italia ikakutana na wenyeji mjini Paris. Ufaransa walilala 3-1, Piola akifunga mawili. Nusu fainali ilikuwa Brazil. Beki Domingos da Guia, mmoja wa mabeki bora wa zama zile, alipandwa na hasira akamtandika Piola teke ndani ya boksi. Penalti. Meazza akaipiga huku ameshika bukta yake mkono mmoja kwa kuwa mpira wake wa kiunoni ulikatika, na Italia ikapita kwa 2-1.

Fainali ikachezwa Juni 19 kwenye uwanja wa Colombes, Paris, dhidi ya Hungary. Gino Colaussi alifunga mawili, Piola akafunga mawili, Italia ikashinda 4-2. Bao la mwisho, lililozima kabisa matumaini ya Hungary, lilikuwa la Piola dakika ya 82.

Mabao matano katika mechi nne. Familia yao ikawa na mabingwa wa dunia wawili, mjomba mwaka 1934 na mpwa mwaka 1938.

MKONO KABLA YA MARADONA

Wengi wanadhani bao maarufu la mkono dhidi ya England lilianza na Diego Maradona mwaka 1986. Piola alitangulia kwa miaka 47.

Mei 13, 1939, England walicheza na Italia kwenye uwanja wa San Siro, Milano. Krosi ikaja, Piola akaruka, na badala ya kichwa akaupiga mpira kwa ngumi. Mpira ukaingia wavuni. Mkono wake haukuishia hapo, ukamfikia beki George Male na kumvimbisha jicho. England walilia, mwamuzi Mjerumani akakubali bao. Mechi iliisha 2-2.

Siku hizo hakukuwa na VAR wala marudio ya televisheni. Miaka mingi baadaye Piola mwenyewe alikiri kwamba alitumia mkono. Hakutafuta maneno ya kupamba.

VITA NA WAZIMAMOTO

Vita Kuu ya Pili ilimkatia Piola miaka ambayo straika huwa kwenye kilele. Timu ya taifa haikucheza kati ya 1942 na 1945, na Kombe la Dunia la 1942 halikufanyika. Septemba 1943 Italia ilijisalimisha na nchi ikagawanyika vipande viwili, kusini wakiwa Waingereza na Wamarekani, kaskazini Wajerumani. Lazio ilikuwa Roma, Piola alikuwa kaskazini. Kurudi haikuwezekana.

Akachezea Torino katika ubingwa wa kaskazini wa mwaka 1944. Torino ile ilikuwa tishio, ilikuwa na Valentino Mazzola na Ezio Loik, na sasa ikaongezewa Piola. Kila mtu alijua bingwa ni nani. Lakini Julai 16, kwenye uwanja wa Arena wa Milano, ikapigwa 2-1 na timu ya kikosi cha zimamoto cha La Spezia, na wazimamoto ndio waliochukua taji. Mwaka 2002 shirikisho likawatambua rasmi kwa heshima.

Vita vilipoisha akasajiliwa Juventus. Misimu miwili, 1945/46 na 1946/47, na mara zote mbili Juventus ikamaliza ya pili nyuma ya Torino. Mara ya kwanza ilizidiwa pointi moja tu. Ligi ya 1945/46 iligawanywa mafungu mawili kwa sababu ya uharibifu wa vita, kwa hiyo mabao 16 aliyofunga msimu ule hayamo kwenye zile 274. Yakihesabiwa, anafikisha 290.

Mwaka 1947 alikuwa anakaribia miaka 34. Wakubwa waliona mzee amekwisha. Juventus ikamwachia.

NG'AMBO YA MTO

Hapo ndipo linakuja jambo ambalo mashabiki wa Vercelli walilimeza kwa taabu.

Kutoka Vercelli ukivuka mto Sesia na kwenda kilomita 20 na ushei, unafika Novara. Ni mji mwingine wa mpunga, mkubwa kidogo, na ni mahasimu wakubwa wa Vercelli tangu enzi za soka la mwanzo. Novara haikuwahi kubeba ubingwa wa Italia, Vercelli ilibeba saba, na hilo Vercelli hawakuwaacha jirani zao walisahau.

Piola aliporudi nyumbani kumalizia soka, alirudi Novara.

Pro Vercelli wakati huo nayo ilikuwa Serie B, ligi moja na Novara. Msimu wa 1947/48 Piola akafunga mabao 16, na Novara ikapanda Serie A. Msimu huohuo Pro Vercelli ikashuka kwenda Serie C. Mtoto wa Vercelli aliwapandisha mahasimu wakati timu iliyomlea inazama. Ilibidi Vercelli wasubiri miaka 64, mpaka 2012, ndipo waione tena Serie B.

Mashabiki wangeweza kumwita msaliti. Lakini Piola hakuwahi kuondoka Vercelli kwa kupenda pesa, aliuzwa. Na aliporudi, timu ya mji wake haikuwa na uwezo wa kumlipa mtu wa jina lake. Novara ilikuwa nao, na ilikuwa karibu na nyumbani. Ferraris naye akafuata njia ileile, akajiunga na Novara mwaka 1948 baada ya kutwaa mataji na Torino. Wale wawili waliofunga Marseille wakakutana tena, uzeeni, ng'ambo ya mto.

Na mzee hakuwa amekwisha. Msimu wa kwanza Serie A akiwa na Novara alifunga mabao 15. Msimu wa 1950/51, akiwa na miaka 37, akafunga 19. Uliofuata akafunga 18 na Novara ikamaliza ya nane, nafasi ambayo timu hiyo haijawahi kuipita.

Mei 18, 1952 Italia ilicheza na England mjini Florence. Wakamwita Piola, miaka 38, wakampa na kitambaa cha unahodha. Mechi iliisha 1-1 na yeye hakufunga. Ilikuwa mechi yake ya 34 na ya mwisho kwa taifa, na mabao yake yalibaki 30, hesabu ambayo wamempita wawili tu katika historia ya Italia, Gigi Riva na Meazza.

Februari 7, 1954 Novara ilicheza na AC Milan. Piola akafunga. Alikuwa na miaka 40 na miezi minne. Likawa bao lake la mwisho Serie A, miaka 24 tangu mechi ya kwanza dhidi ya Bologna. Kwa zaidi ya nusu karne hakuna aliyefunga Serie A akiwa na umri mkubwa kuliko huo, mpaka Alessandro Costacurta wa Milan alipofunga kwa penalti mwaka 2007, kisha Zlatan Ibrahimović mwaka 2023.

Piola akatundika daluga mwisho wa msimu ule. Miaka miwili baadaye, 1956, Novara ikashuka daraja. Ilichukua miaka 55 kuirudia Serie A. Ni yaleyale ya Vercelli: yupo, timu ipo, hayupo, timu inashuka.

VIWANJA VIWILI, JINA MOJA

Baada ya kustaafu aliinoa Cagliari kwa muda, akafanya kazi na shirikisho la soka, kisha akarudi kwenye maisha ya kawaida. Hakuwa mtu wa magazeti. Alipenda kuwinda, na asubuhi nyingi alikuwa mashambani na mbwa wake na bunduki begani, katika nchi ileile ya mpunga aliyokulia. Miaka ya mwisho maradhi ya kusahau yalimshika. Mtu aliyekumbukwa na Italia nzima akawa hakumbuki tena.

Alifariki Oktoba 4, 1996 huko Gattinara, mji mdogo wa mkoa wa Vercelli, siku tano baada ya kutimiza miaka 83.

Klabu zake mbili za nyumbani hazikuwa na maisha rahisi baada yake. Pro Vercelli ya zamani ilifilisika mwaka 2010, na klabu nyingine ya mji ndiyo iliyolichukua jina na jezi nyeupe. Novara nayo ilifungiwa mlango wa ligi mwaka 2021, ikabidi ianze upya. Ndivyo mambo yalivyo kwa timu za mikoani: zinaibua, zinauza, zinahangaika, zinaibua tena.

Lakini alipofariki, miji ile miwili isiyoelewana kwa lolote ilikubaliana jambo moja. Novara waliupa uwanja wao jina la Silvio Piola. Vercelli nao wakaupa uwanja wao jina la Silvio Piola.

Leo, watani hao wa mpunga wakikutana, hakuna haja ya kuuliza mechi inapigwa wapi. Iwe nyumbani au ugenini, upande huu wa mto au ule, inapigwa kwa Piola.